Haibridi inakula mafuta? Fuata hatua hizi kabla hujauziwa betri

Barabara za Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Mombasa zimejaa Toyota Aqua, Prius, Honda Fit na Nissan Note za haibridi (zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) zilizotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Wengi waliozinunua walifuata kitu kimoja, nafuu ya mafuta. Miezi michache ikipita malalamiko yanaanza: gari lililosifiwa kwamba linakwenda zaidi ya kilomita 30 kwa lita, kwangu halifiki hata 16. Mwenye gari akienda gereji, jibu la haraka analopewa ni kwamba betri kubwa imekufa, atafute hela.

Betri hufa, hilo ni kweli. Lakini mara nyingi haibridi inayokula mafuta ina tatizo la upepo wa tairi, oili nzito, thamostati iliyong'olewa, breki inayobana, au mguu wa dereva. Hayo yote ni ya bei ndogo au ya bure kabisa. Ndiyo maana napanga hatua kuanzia zile zisizogharimu kitu, na betri naiweka mwisho. Mifano mingi itakuwa ya Aqua, maana ni haibridi iliyoenea sana mitaani, na mengi yanayoihusu yanaihusu Prius pia.

Kabla ya yote, elewa umeme unatoka wapi

Haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa kwenye umeme, haina chanzo kingine cha nishati zaidi ya petroli. Betri kubwa ni kibubu tu: kilichomo umekiweka mwenyewe, na umekiweka kwa mafuta uliyonunua sheli. Betri ya Aqua ina moduli (betri ndogo ndogo) 20 za volti 7.2 kila moja, jumla volti 144, na uwezo wake haufiki hata kilowati-saa 1. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Ukizilinganisha namba hizo mbili unaona mara moja kwamba betri haiwezi kuliendesha gari kutoka Kimara hadi Posta, Dar. Kazi yake ni kuokota nishati ambayo gari la kawaida huitupa kwenye breki, kuitunza kidogo, na kuirudisha gari linapoondoka. Hali kadhalika huiruhusu injini izime kabisa pale ambapo ingekuwa inaunguruma bure kwenye foleni.

Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini gari lako linakula, jiulize nishati inapotelea wapi, na kwa nini injini inawaka wakati ambao ingeweza kuzima. Hatua zote zinazofuata zinajibu maswali hayo mawili.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe, usiamini dashibodi peke yake

Kioo cha dashibodi kitakupa namba ya kilomita kwa lita, ila mara nyingi namba hiyo huwa nzuri kuliko hali halisi. Itumie kulinganisha leo na jana. Ukitaka ukweli, pima kwa pampu.

Jaza tangi mpaka nozeli ikate yenyewe mara ya kwanza, kisha acha. Usimruhusu mhudumu aendelee kubonyeza ili afikishe namba ya mviringo, maana kila sheli na kila mhudumu ataishia mahali tofauti. Rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka tangi lipungue zaidi ya nusu, halafu rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Tuseme umetembea kilomita 412 na zimeingia lita 21.7: hiyo ni karibu kilomita 19 kwa lita.

Rudia kwa matangi matatu au manne kabla ya kutoa hukumu. Tangi moja linaweza kupotoshwa na safari ya msiba, mvua ya siku tatu au wiki ya foleni mbaya. Andika kwenye simu: tarehe, kilomita, lita, na neno moja la hali ya safari. Daftari hilo litakusaidia zaidi ya maneno ya fundi yeyote, kwa sababu kila utakachorekebisha utaona kama kimeleta tofauti.

Anayeishi kwa kuweka mafuta ya elfu kumi kumi hawezi kupima hivyo kirahisi. Kwa mwezi mmoja tu jitahidi ujaze mara mbili. Inafaa, kwa sababu kwa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, gari la kilomita 20 kwa lita hunywa lita 50, na la kilomita 15 hunywa karibu lita 67. Lita 17 kila mwezi ni pesa ya maana nyumbani.

Hatua ya 2: Jilinganishe na namba iliyo sahihi

Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita katika kipimo cha Japani kiitwacho JC08. Hiyo ndiyo namba wauzaji wanayoikariri. Kipimo hicho kilifanywa ndani ya maabara, gari likiwa juu ya mashine, kwa mwendo wa taratibu ambao hakuna mtu anayeuendesha kutoka Mbagala kwenda mjini. Marekani, ambako gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Prius c, kibandiko rasmi cha mwaka 2012 kilisema maili 53 kwa galoni mjini na 46 barabara kuu, yaani takriban kilomita 22.5 na 19.6 kwa lita.

Namba za Marekani ndizo zinazokaribia maisha ya kweli. Kwa maoni yangu Aqua nzima, yenye dereva mtulivu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ikikupa kilomita 18 hadi 22 kwa lita katika mji wenye foleni, huna tatizo la kutibu. Ikiwa chini ya 16 kwa matangi kadhaa mfululizo, endelea kusoma kwa makini.

Angalia pia kwamba mjini ni bora kuliko barabara kuu. Aliyezoea gari la kawaida hushangaa. Mjini kuna kusimama kwingi, na kila kusimama ni nafasi ya kuokota umeme na kuzima injini. Ukiwa kwenye kilomita 110 kwa saa hakuna cha kuokota; injini inafanya kazi mfululizo na gari lako linakaribia kuwa sawa na mengine. Nissan Note ya e-Power, iliyotoka mwaka 2016, inaonyesha jambo hili wazi zaidi: injini yake haizungushi tairi kabisa, inazalisha umeme tu, kwa hiyo faida yake kubwa iko mjini na kwenye mwendo mrefu wa kasi faida hiyo hupungua.

Hatua ya 3: Tairi

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo yake. Kuna kibandiko chenye ukubwa wa tairi na upepo unaotakiwa. Magari ya Japani huandika kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi ambayo kijana wa upepo anaijua: 230 kPa ni psi 33. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Geji ndogo bei yake haizidi ya mlo wa watu wawili, na za mitaani nyingi zimeshapigwa chini mara nyingi, hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Pima kila baada ya wiki mbili. Tairi iliyopungukiwa upepo hujikunja zaidi kila inapozunguka, na nguvu ya kujikunja huko inalipwa na petroli. Kuongeza psi 2 juu ya kibandiko hakuna ubaya. Kujaza mpaka 45 ili gari "liwe jepesi" kunapunguza mshiko wa breki kwenye lami yenye maji, na hilo silipendekezi kwa mtu yeyote mwenye familia ndani ya gari.

Ukubwa nao una maneno. Aqua nyingi zilikuja na tairi nyembamba, kama 175/65 za inchi 15 au 165/70 za inchi 14. Zikivalishwa rimu pana za inchi 17 kwa ajili ya muonekano, mafuta yanaongezeka siku hiyohiyo. Uzito wa rimu unaongezeka, upana unaongezeka, na tairi nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa ziviringike kirahisi kama zile za asili.

Halafu kuna kuinua gari kwa spesa ili lisigonge matuta. Ninaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Kuna mitaa ambayo Aqua ya kawaida haipiti bila kukwaruza tumbo. Ila gari likiinuliwa, upepo mwingi zaidi unaingia chini yake. Pia mafundi wengi wakishaona kava za plastiki za chini zimepasuka huzing'oa na kuzitupa. Kava zile zimewekwa ili hewa ipite chini ya gari kwa ulaini, na zinalinda injini na maji na matope. Zikipasuka zifungwe upya, zisitupwe. Anayekwenda mikoani mara kwa mara ndiye atakayeona tofauti.

Hatua ya 4: Mguu wako

Hapa ndipo penye pesa nyingi kuliko hatua nyingine zote, na haihitaji spea hata moja.

Kwenye dashibodi ya Aqua kuna kipimo chenye sehemu tatu: CHG upande wa kushoto, ECO katikati, PWR kulia. CHG maana yake umeme unaingia betrini. PWR maana yake unakamua kila kitu. Katikati ya ECO kuna mstari: chini yake gari linaweza kwenda kwa umeme pekee, juu yake injini inawaka.

Madereva wengi wapya wa haibridi wanajifunza kuogopa mstari ule. Wanaondoka kwenye mataa kwa mwendo wa kobe ili injini isiwake, magari ya nyuma yanapiga honi, betri inashuka hadi vipau viwili, kisha injini inawaka yenyewe na kuanza kuijaza betri huku gari limesimama. Hapo hujaokoa kitu. Umetumia umeme, na sasa unaununua tena kwa petroli. Kila mara nishati inapogeuzwa kuwa umeme, ikatunzwa, ikageuzwa tena kuwa mwendo, kiasi fulani kinapotea kama joto. Kitufe cha EV kina tatizo hilohilo: kinafaa kutoa gari uani bila kelele usiku, hakifai kuwa mtindo wa maisha.

Fanya hivi. Taa ikiruhusu, kanyaga kwa uthabiti, mshale ukae upande wa kulia wa ECO bila kuingia PWR, ufike mwendo unaoutaka ndani ya muda wa kawaida. Injini inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa na mzigo wa wastani kuliko ikibembelezwa. Ukishafika kilomita 50 kwa saa, achia mguu kidogo. Utaona injini inazima. Rudisha mguu taratibu mpaka mshale ukae sehemu ndogo ya ECO, na gari litashika mwendo kwa umeme kidogo sana au kwa kuteleza tu. Ukitazama kioo cha mishale ya nishati, kuna wakati mishale yote hupotea: injini haifanyi kazi, betri haitoi wala haipokei. Gari linaserereka kwa nguvu yake lenyewe. Hapo ndipo ulipo ushindi mkubwa, maana mwendo ulionao haujageuzwa kuwa kitu kingine.

Kutokana na hilo inafuata kanuni ya breki: breki bora ni ile ambayo hukuihitaji, na ya pili kwa ubora ni ile ndefu na laini. Tazama mbele magari manne, matano. Ukiona taa za breki zimewaka mbele ya mataa ya Morocco pale Dar, achia mafuta sasa, usisubiri. Ukigusa breki kidogo kutoka mbali, mota inageuka jenereta na kipimo kinaingia CHG. Ukikanyaga kwa ghafla, betri haiwezi kupokea umeme mwingi kiasi hicho kwa mkupuo. Brekipedi zinashika, na mafuta yako yanakuwa joto kwenye diski. Gari likikaribia kusimama, chini ya takriban kilomita 10 kwa saa, breki za kawaida ndizo zinazomalizia kazi. Kwa hiyo matuta ni adui wa kweli. Kama una njia mbili za kufika nyumbani, moja ndefu kidogo isiyo na matuta na nyingine fupi yenye matuta kumi na mawili, ipime njia ndefu kwa tangi moja uone.

Kwenye foleni iliyosimama acha gia kwenye D na mguu kwenye breki, au weka P kama kusimama ni kurefu. Usiweke N. Ukiwa N betri haichajiwi hata injini ikiwa inawaka, na foleni ndefu yenye kiyoyozi inaweza kuishusha vibaya.

Gia ya B nayo haieleweki. Si B ya betri. Inaongeza breki ya injini kwa ajili ya mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, Lushoto kushuka Mombo, au Mai Mahiu kwa ndugu zetu wa Kenya. Katika mteremko kama huo betri hujaa nusu ya njia, na umeme unaobaki hauna pa kwenda. B inaitumia injini kukushikilia ili breki zisiungue. Barabara ya tambarare au mjini usiitumie, kwa sababu inapoteza kwenye injini kile ambacho kingeingia betrini.

Mwendo kasi: ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu karibu mara 1.9. Safari ya Dar kwenda Dodoma kwa 85 na safari ileile kwa 115 ni safari mbili tofauti kwenye pampu. Keria tupu juu ya paa inaongeza hasara hiyohiyo, itoe usipoitumia.

Na safari fupi. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta huiwasha na kuiacha iwake hata kama betri imejaa, ili ipate joto na mfumo wa kusafisha moshi uanze kufanya kazi. Mtu anayekwenda dukani kilomita moja, anarudi, saa mbili baadaye anaenda shule, anarudi, analipa gharama ya kupasha injini kila mara. Unganisha safari.

Hatua ya 5: Joto na kiyoyozi

Kompresa ya kiyoyozi ya Aqua inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, ndiyo maana ubaridi hauzimi injini ikizima. Umeme huo unarudishwa na petroli. Dar ya Januari hakuna anayekuambia uzime, na wala sikushauri. Gari lililoanikwa juani fungua vioo pande zote, tembea dakika moja joto litoke, kisha funga, weka hewa ya kuzunguka ndani, na nyuzi 24 au 25 badala ya 18. Kukaa ndani ya gari saa nzima ukimsubiri mtu huku kiyoyozi kikiunguruma, injini itakuwa ikiwaka na kuzima muda wote, na kilomita hazisogei. Madereva wa teksi za mtandao hupoteza sana hapo. Kivuli cha mwembe kina thamani ya shilingi.

Hatua ya 6: Injini

Anza na oili. Aqua inataka 0W-20. Gereji nyingi za kwetu bado zinamimina 20W-50 kwa kila gari, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na gari limechakaa. Kwa haibridi hilo ni kosa kubwa kuliko kwa gari jingine, kwa sababu injini yake inawaka na kuzima mara nyingi katika safari moja, na kila inapowaka inahitaji oili nyepesi iliyokwisha kufika juu. Oili nzito inaifanya injini ijisukume yenyewe kabla ya kusukuma gari. Ukikosa 0W-20, 5W-30 ni afadhali mara nyingi. Hakikisha haijazidi alama ya juu ya kijiti.

Sasa thamostati, ambayo naomba uisome mara mbili. Kuna mazoea ya zamani kwamba gari likichemka kidogo, fundi anang'oa thamostati "maji yapite vizuri". Thamostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike karibu nyuzi 80. Ikitolewa, maji yanazunguka rejetani tangu sekunde ya kwanza, na injini haifikii joto lake. Kompyuta ya haibridi haikubali kuzima injini ambayo haijapata joto. Matokeo yake unakaa kwenye mataa injini inanguruma, betri imejaa, na hujui kwa nini. Kwa mtu wa Arusha, Mbeya au Limuru, ambako asubuhi ni baridi, tatizo hili peke yake linaweza kuimeza faida yote ya haibridi. Ukitaka kujua, tafuta kifaa kidogo cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, kiunganishe na simu, usome joto la maji baada ya dakika kumi na tano za mwendo wa barabara kubwa. Likibaki kwenye nyuzi 60 na kitu, thamostati haipo au imeganda ikiwa wazi. Spea yake ni ya bei ndogo.

Ea klina ikague kila unapobadilisha oili, na kama unapita barabara ya vumbi, mapema zaidi. Plagi za iridiamu hudumu hadi takriban kilomita 100,000, na magari mengi yanafika bandarini yakiwa yanaikaribia namba hiyo. Sensa ya hewa ikichafuka husafishwa kwa dawa yake maalumu, usiguse kwa kitambaa. Mwenye Prius iliyotoka kuanzia 2009, yenye injini ya 1.8, asafishe na mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Hujaa masizi, injini ikatetemeka asubuhi inapowaka, na ikiachwa inaweza kuishia kwenye gasketi ya kichwa.

Hatua ya 7: Kinachozuia gari kuserereka

Haibridi hutumia brekipedi kidogo, na kwa hiyo kalipa zake hukaa bila kusogea sana. Ukanda wa pwani wenye hewa ya chumvi zinashika kutu na kubana. Baada ya safari ya nusu saa ambayo hukufunga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inabana. Piga alaimenti kama usukani unavuta au tairi zinaliwa upande mmoja.

Hatua ya 8: Betri inahitaji kupumua

Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye kimiani pembeni mwa kiti hicho. Nenda ukalitazame leo. Katika magari mengi utakuta kava la kiti limelifunika, au mfuko wa nguo umesukumwa pale, au nyavu za kimiani zimeziba kwa vumbi lililochanganyika na nyuzi za zulia. Hewa isipopita, betri inapata joto, kompyuta inapunguza kiasi cha umeme wa kuingia na kutoka ili kuilinda, na injini inachukua kazi. Joto hilohilo ndilo linaloizeesha betri kabla ya wakati wake.

Futa kimiani, kifyonze vumbi kwa mashine, na kama gari lako lina kichujio nyuma yake kitoe ukioshe na kukianika kikauke kabisa. Kusafisha feni yenyewe ni kazi ya fundi wa haibridi. Waya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Usizishike, wala usimruhusu fundi wa kawaida wa umeme wa gari azishike bila kutoa plagi ya usalama kwanza na kusubiri.

Hatua ya 9: Sasa ndipo uiulize betri

Umefika hapa, umepima tena, na bado gari linakula. Tazama dalili: vipau vya betri vinaruka kutoka karibu kujaa hadi viwili ndani ya dakika chache na kurudi haraka vilevile; feni ya nyuma inavuma kwa nguvu hata asubuhi; injini inawaka mara kwa mara gari likiwa limesimama; pembetatu nyekundu inawaka. Dalili hizo zikiwepo, peleka gari kwenye mashine inayosoma haibridi, na uwepo wewe mwenyewe.

Usikubali kuambiwa "betri mbovu" kwa mdomo. Omba uonyeshwe msimbo. P0A80 ndio unaosema betri imechoka. Kisha omba uonyeshwe volti za bloku (kundi dogo la moduli) moja moja gari likiwa linakanyagwa na kufungwa breki. Betri nzima bloku zake hupanda na kushuka pamoja. Iliyochoka utaona bloku moja au mbili zinaanguka peke yake mafuta yanapokanyagwa, na kuruka juu kuliko wenzake wakati wa kuchaji. Piga picha ya kioo hicho.

Kubadilisha moduli moja iliyokufa kwa moduli iliyotumika ni bei rahisi, na wapo wanaofanya kazi nzuri ya kuzipima na kuzilinganisha kabla ya kuzifunga. Lakini betri ya miaka zaidi ya kumi, moduli moja ikifa, nyingine zina umri uleule. Kama unategemea gari kwa riziki, betri kamili yenye dhamana ya maandishi ni bora kuliko kufungua kiti cha nyuma kila baada ya miezi michache. Kwenye dhamana hiyo iandikwe namba ya betri, tarehe ya kufungwa, na muda wake kwa miezi au kilomita. Wakati wa kufunga, feni isafishwe, vikamatio vya shaba vinavyounganisha moduli, vikiwa na ukungu wa kijani, vibadilishwe au vikwanguliwe, na kabla hujalipa pesa ya mwisho endesheni pamoja kwenye mlima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mkitazama bloku zote kwenye mashine.